Jicho Lililokataa Kufumba

Kama leo asubuhi umesukutua mdomo na maji yakakutoka upande mmoja bila ruhusa yako, kisha ukajitazama kwenye kioo ukakuta nusu ya uso imelala na nusu iko macho, nakuandikia wewe. Kaa kwanza. Ikiwa mkono au mguu wa upande huohuo nao umelegea, usiendelee kusoma, nenda hospitali sasa hivi. Ikiwa ni uso peke yake, bado nenda hospitali leo, si kesho, si ukimaliza zamu. Ukirudi tutazungumza. Mimi nimepita huko na nimerudi, ingawa sikurudi na kila nilichoondoka nacho.

Naitwa Rajabu, mtu wa Tanga. Kwa miaka kadhaa niliendesha pikipiki hapa Doha, kazi ya kupeleka chakula majumbani. Chumba chetu kiko Industrial Area, mtaa wa viwanda na kambi za wafanyakazi, na eneo nililopangiwa lilikuwa Al Wakrah, mji wa pwani upande wa kusini. Nilikuwa zamu ya asubuhi. Kabla jua halijatoka nilikuwa barabarani na mikate, mayai na chai ya maziwa ya watu wanaowahi kazini.

Nyumbani nikisema baridi ya Doha ilinitesa, watu wanacheka. Wao wanaijua Doha ya joto la kuunguza. Ngoja nieleze, maana na wewe unayekuja kuanza kazi hii hujaelezwa. Baridi ya pikipiki si ile inayoandikwa kwenye simu. Ukisimama mlangoni alfajiri ya mwezi wa pili, sweta moja linakutosha. Ukipanda pikipiki ukaingia barabara kuu, hewa ileile inakuingia kwenye mikono ya koti, shingoni na magotini, mpaka vidole vinakufa ganzi na huhisi tena breki umeishika kiasi gani. Na mwezi wa pili ni mbaya kuliko katikati ya baridi yenyewe, kwa sababu unadanganya. Mchana jua limekwisha kurudi, watu wanaliacha koti kitandani, halafu alfajiri inawakuta barabarani na fulana.

Al Wakrah ina jambo lake jingine: ukungu wa baharini. Unaganda kwenye kioo cha helmeti kwa nje, na pumzi yako inaganda kwa ndani, unabaki unaendesha kama mtu aliyefunikwa na shuka. Sisi wa pikipiki tulikuwa na dawa yetu, kifuniko cha chupa ya maji. Unakibana chini ya kioo upande wa kushoto, kioo kinabaki wazi kidogo, hewa inapita na unaona. Kwa nini kushoto? Kwa sababu mkono wa kulia uko kwenye mafuta, huwezi kuuachia. Mkono wa kushoto ndio ulio huru kukirekebisha. Karibu wote tulikuwa navyo. Kikikudondoka unamwomba mwenzako, naye anacheka, anakutolea kingine mfukoni.

Kwa hiyo upepo wote wa alfajiri ulikuwa unanipiga shavu la kushoto na sikio la kushoto, siku baada ya siku. Madaktari walioniona baadaye hawakukubali kwamba upepo ndio uliofanya haya. Mmoja alisema hapana kabisa, mwingine alisema sababu haijulikani vizuri. Sitabishana nao. Mimi najua tu upande uliolala ulikuwa upi.

Siku moja kabla ya uso kulala, sikio liliniuma kwa nyuma na chai ikakosa ladha. Nikadhani ni mafua. Asubuhi yake nikatawadha, nikasukutua, maji yakanimwagikia kifuani. Niliporudi chumbani Ochieng' alikuwa ndiyo kwanza anavua buti. Ochieng' ni Mkenya, mtu wa Kisumu, mlinzi wa usiku kwenye jengo moja la maofisi, na kitanda chake kiko juu ya changu. Yeye hurudi saa ninayotoka.

"Buda," akasema, "mbona unaniangalia na jicho moja? Nimekukosea?"

"Nakuangalia na yote mawili."

"Hapana. Hilo lingine liko off. Hebu cheka kidogo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Inua mikono. Yote. Sasa niambie jina la mama yako mpaka la babu." Kazini kwao walikuwa wamefundishwa mambo hayo ya kumwangalia mtu aliyeanguka. Nikainua, nikasema. Herufi za midomo zilinitoka na upepo, kama tairi yenye tundu. "Sawa," akasema, akavaa buti lake tena. "Mikono iko poa. Lakini leo huendi kazi, unaenda hosi, na mimi ndio nakupeleka."

Kliniki ya wafanyakazi asubuhi imejaa wanaume. Unachukua namba, unakaa, unatazama mbele. Hakuna anayemwangalia mwenzake, kila mtu amekuja na aibu yake. Mimi nilikuwa nafuta mate kwa mkono wa koti, na kila nilipoyafuta yalirudi. Mtu wa Nepal aliyekaa kando yangu alitoa pakiti yake ya tishu, akaiweka kwenye goti langu bila kunitazama, akaendelea kuukodolea macho ukuta. Mpaka leo sijui jina lake. Ukiwa mgonjwa utakutana na watu wa namna hiyo. Wapokee.

Daktari alinigusa uso, akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. "Fumba yote," akasema. Nikamwambia yote nimefumba. Akanipa kioo kidogo. Jicho la kulia lilikuwa limefumba, na la kushoto lilikuwa linanitazama, jeupe, limegeuka juu kama la samaki wa sokoni. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza.

Alinipa vidonge vya kumeza haraka kabla siku hazijapita, matone ya jicho ya mchana, marhamu ya usiku, na plasta nyembamba ya kulifunga nikilala. Akasema wengi hupona, kwa wiki au kwa miezi. Kisha akaniandikia mapumziko, akaniinulia kidole. "Pikipiki hapana, mpaka jicho lifumbe lenyewe. Umeelewa? Uso utangoja. Jicho halingoji."

Nilielewa. Nataka ujue hivyo. Nilielewa vizuri sana.

Siku zilizofuata ndizo ambazo hakuna anayekusimulia mapema. Chakula kinajificha kwenye shavu, inabidi ukitoe kwa kidole. Chai inabidi uinywe kwa mrija, na mdomo unaushikilia kwa mkono. Sauti ndogo zinakuwa kubwa sikioni, sufuria ikigonga unaruka. Ukilala jicho linabaki wazi mpaka ulifunge kwa plasta, na plasta ikibanduka unaamka limekauka, linakwaruza kama lina chumvi. Ochieng' alikuwa akiniamsha akiona hivyo. "Wewe unalala ukinichunga," alikuwa akisema. "Kazi ya kuchunga ni yangu, manze. Funga hiyo kitu."

Mama yangu nilimwambia kwa simu. Akasema nimepigwa kofi na shetani, na akalaumu hayo mapikipiki yenu ya alfajiri kwenye majangwa ya watu. Akaniambia niiweke simu kwenye shavu. Nikaiweka, naye akanisomea aya kutoka Tanga mpaka simu ikapata joto. Sikukatazi dua, ndugu yangu. Shavu langu lilipata joto siku ile, na moyo pia. Lakini dua soma, na matone tia.

Mke wangu sikumwambia, na mama nilimwomba asimwambie. Tulikuwa tukionana kwa simu kila jioni, yeye na binti yetu Nasra, na sasa nikawa napiga ya sauti tu.

"Mbona huwashi kamera, Baba Nasra?"

"Mtandao mbaya."

"Mtandao unakataa uso, sauti unaikubali?"

"Ndivyo ulivyo huku."

"Na sauti yenyewe kama ya mtu anayetafuna. Uko na nani hapo anayekulisha?"

Niliona nitamtia hofu bure, nitapona kabla hajajua. Hivyo ndivyo wanaume wengi tulio mbali tunavyofikiri. Kwa hiyo huko Tanga mke wangu alikuwa hali vizuri, kwa sababu ya ugonjwa mwingine kabisa aliojitungia mwenyewe, na mimi ndiye niliyempa nafasi ya kuutunga.

Ramadhani mwaka ule ilikuwa inakaribia, ingali baridi. Kwa kazi yetu huo ndio mwezi wenyewe wa pesa. Msimamizi alinipigia. Hakunitisha, alinieleza utaratibu tu: ambaye hayuko barabarani mwezi ukiandama, eneo lake linapewa mwingine, naye anakaa kambini mpaka lipatikane jingine. Uso ulikuwa umeanza kubadilika kidogo, pembe ya mdomo ilikuwa inatetemeka nikijaribu kucheka. Jicho lilikuwa bado. Nikajiambia jicho litafuata.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini, simu ndiyo iliyonikataa. Kampuni yetu ina programu ambayo kila ukianza zamu inataka upige picha ya uso wako, iulinganishe na ule waliousajili, ili mtu asiendeshe kwa jina la mwenzake. Nikapiga. Ikaandika kwamba uso haulingani. Nikapiga tena na tena.

"Ata simu imekukana," Ochieng' akasema kutoka juu, kichwa kinaning'inia. "Mara tatu, kama ule msee wa Biblia. Raja, hiyo ni ishara. Lala."

Sikulala. Nilichukua plasta ileile niliyopewa kufungia jicho, nikalivuta shavu juu, nikaibandika nyuma ya sikio ambako kamba ya helmeti ingeificha. Simu ikanikubali. Ochieng' akalala akaugeukia ukuta. "Sijaona," akasema.

Sasa nikueleze hesabu niliyoifanya, ili usiifanye. Unaweza kulifunga jicho kwa plasta ukaendesha na moja. Nilijaribu kwenye uwanja wa kuegesha magari, nikagonga nguzo niliyokuwa naiona. Jicho moja linaona kitu, lakini halikuambii kiko mbali kiasi gani. Au unaweza kuliacha wazi, ukatia matone kila unaposimama, na ukateremsha kioo mpaka mwisho upepo usiingie. Nikachagua hiyo. Kwa siku chache ikaenda. Nilisimama kwenye kila mlango, natia tone, naendelea. Wateja walikuwa wanaupokea mfuko na kuangalia pembeni.

Kisha ukaja upepo. Wanaoishi hapa wanaujua upepo wa kaskazini wa mwisho wa baridi, unaokuja na vumbi jembamba kama unga. Ulianza alfajiri, umande ukiwa bado barabarani. Nilikuwa nimefunga kioo, na kioo kikajaa pumzi yangu, sioni kitu. Nikasimama kando, nikafuta, nikaendelea, kikajaa tena. Nikaingiza mkono mfukoni. Kifuniko kilikuwamo. Nikakibana mahali pake pa siku zote, kushoto.

Nilihisi chembe za kwanza mara moja. Mtu mzima mwenye jicho zima hupepesa, yanaisha. Mimi kope haikushuka. Nilitia matone, nikaongeza, machozi na vumbi vikawa tope. Ningesimama. Lakini mfuko ulikuwa umebaki mmoja na nyumba ilikuwa karibu.

Njiani kwenda nyumba ile, kabla ya mzunguko wa magari, kuna daraja. Chini ya daraja jua halifiki, kwa hiyo barabara inabaki na umande wakati kwingine kumekauka, na umande ukichanganyika na vumbi na mafuta ya magari unakuwa sabuni. Hilo nililijua, nimewaambia wengine mara nyingi. Ila gari la mbele lililosimama nilichelewa kuliona, na vidole vilikuwa na ganzi, nikaishika breki ya mbele yote kwa pupa. Pikipiki ikalala. Mimi nikateleza nayo kwa bega mpaka ukingoni. Chai ya mtu ikanimwagikia mguuni, na nakumbuka nilifurahia lile joto.

Dereva mmoja alisimama akaninyanyua. Bega lilikuwa limechubuka tu. Nikacheka, nikamwambia salama, salama. Sikujua kwamba lililoumia siku ile si bega.

Keshokutwa yake niliamka siwezi kutazama taa. Jicho lilikuwa jekundu lote, na katikati, juu ya cheusi, kulikuwa na doa jeupe kama punje ya mchele. Ochieng' aliliangalia. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Twende," akasema.

Chumba cha kusubiri cha macho si kama cha kliniki. Huku watu wanatazamana, kwa sababu wote wamefunikwa upande mmoja, na kila mmoja anataka kujua mwenzake ataondokaje. Mzee wa Kihindi mbele yangu alipoitwa alinyoosha mkono kutafuta kiti, na kiti kilikuwa pale pale. Nilimtazama mpaka alipoingia mlangoni.

Daktari alikuwa mama wa Kisudani. Alizungumza Kiarabu polepole ili nikipate. Aliniwekea mwanga wa buluu machoni, akatazama kwa muda mrefu, akauzima.

"Waliokutibu uso walikuambia nini kuhusu pikipiki?"

"Walisema nisipande."

"Ukapanda."

"Nikapanda."

Hakunikemea. Alivuta kiti akakaa karibu. "Nisikilize, mwanangu. Hiki ni kidonda, na kiko katikati, mahali unapoonea. Kikizama zaidi, jicho limekwenda. Si litakuwa dhaifu. Limekwenda. Dawa nitakupa, kila saa utatia, mchana na usiku. Lakini dawa haisaidii jicho lililo wazi. Nataka kushona kope zako."

"Kushona?"

"Sehemu ya pembeni, ya juu na ya chini pamoja. Jicho litabaki na mlango mdogo wa kupitishia dawa. Uso ukirudi, nitafumua."

"Na usiporudi?"

"Tutazungumza wakati huo."

Nikamwuliza nitaonekanaje. Sijui kwa nini nilikuwa bado nauliza hilo.

"Utaonekana mtu mwenye jicho," akasema. "Ukikataa, hutakuwa nalo."

Alishona. Sindano ya ganzi ndiyo inayouma, uzi wenyewe unausikia kama mtu anavuta nguo uliyoivaa. Usiogope likikufika hilo. Niliogopa zaidi njiani kurudi, nilipoona abiria wa basi wanahama kiti.

Jioni ile simu ya mke wangu iliingia, ya picha. Niliitazama ikiita. Ochieng' alikuwa anapiga pasi sare yake. "Pokea," akasema. "Ama nipokee mimi, nimweleze vile uko. Na mimi najua kuongeza chumvi."

Nikapokea. Uso wake ukajaa kwenye kioo, na Nasra ubavuni. Akanitazama. Mdomo uliopinda, jicho lililoshonwa, bega lenye bandeji.

"Nasra," akasema bila kuhamisha macho, "nenda kamsaidie bibi jikoni."

Mtoto alipoondoka nikamweleza yote, na herufi zangu za upepo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni hilo tu," akasema.

"Hilo tu?"

"Mimi nilikuwa nimeshampa mpaka jina."

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako! Nimemvalisha, nimempikia, nimemtukana wiki nzima humu kichwani. Kumbe mwanamke mwenyewe ni wewe na plasta zako." Akacheka, kisha kile kicheko kikamgeukia, akafunika uso kwa khanga. Alipouinua tena alikuwa amekasirika kweli. "Rajabu, uso huo niliolewa nao. Ukipinda ni wangu, ukinyooka ni wangu. Nani alikuruhusu kunificha?"

Hasira ile haikuisha siku moja. Ilichukua miezi. Alikuwa anaweza kuniuliza jambo dogo, umekula nini, na nikijibu ananiambia hebu nioneshe sahani. Nilikuwa nimemfundisha kutoniamini, na hilo halina vidonge. Kama una mtu nyumbani, washa kamera siku ya kwanza.

Ramadhani iliingia. Sikufunga, daktari alikataza. Swahibu zangu wa chumbani walikuwa wanafuturu mkekani, na mimi nilikuwa nakaa nao kwa adabu tu. Matone ya kila saa yalinichosha kuliko kidonda. Ukikosea kidogo tone linaangukia shavuni. Ochieng' akayachukua. Akirudi kutoka lindoni, badala ya kulala, alikuwa ananiwekea kichwa changu kwenye mto, ananitilia, anaweka kengele ya simu, analala, anaamka, ananitilia. Mchana wa Ramadhani alikuwa haoneshi hata kikombe chake mbele ya wenzangu. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko hata kwa Wakristo, alikuwa anakwenda kanisani mtaa wa Mesaimeer, na siku moja alirudi akasema wameniombea.

"Umewaambia naitwa Rajabu?"

"Nimewaambia. Pastor ameuliza kama ni Rajabu wa Biblia. Nikamwambia huyu ni wa Industrial Area, aombe tu."

Nilicheka, na kwa mara ya kwanza pande zote mbili za mdomo zilijua kwamba tunacheka, ijapokuwa moja ilichelewa.

Kidonda kilikauka polepole. Idi ilipita. Joto likarudi, watu wakaanza tena kukimbilia kivuli, na baridi ikawa hadithi. Daktari alifumua nyuzi siku ambayo lami ya nje ilikuwa inanata kwenye viatu. Aliniambia nifumbe. Nikafumba. Akaniwekea kioo, na mimi, kwa jicho moja nililolifungua kwa wizi, nikaona la kushoto limeshuka. Halikubana sana, lakini lilishuka.

Kisha akafunika la kulia, akaniuliza naona nini kwa la kushoto. Niliona dirisha. Niliona kuna mtu dirishani. Kama ni mwanamume au mwanamke sikujua. Doa liliacha kovu, na kovu liko mahali pa kuonea. Ni kama ninatazama dunia kupitia kioo cha bafuni baada ya mtu kuoga maji ya moto. Jicho lipo, kama alivyoniahidi. Kazi ya pikipiki haipo. Sasa nasimama dirishani kwenye jiko moja la vyakula, nawakabidhi mifuko wale waliokuwa wenzangu.

Dirishani pale ndipo ninapowakagua. Mwezi wa pili ukiingia nawaambia haya, nawe nakuambia. Usilivue koti mpaka baridi iishe yenyewe, si mpaka mchana mmoja uwe mzuri. Vaa nguo mbili nyembamba badala ya moja nene, weka gazeti kifuani chini ya koti, na funga shingo. Vidole vikiingia ganzi, simama, viweke kwapani mpaka virudi, chakula cha mtu kikipoa hakifi. Asubuhi tairi ni baridi na hazishiki, nenda taratibu. Chini ya daraja na kwenye kivuli fanya kama kumemwagwa sabuni, punguza mwendo kabla hujafika, breki zote mbili, kwa upole. Kioo cha helmeti kipake kwa ndani tone la sabuni ya vyombo, kisha ukifute kwa kitambaa kikavu mpaka king'are, hakitashika ukungu zamu nzima. Ni rahisi hivyo. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza, kwa kuwa kifuniko kilikuwa kinafanya kazi. Nikikiona kwenye helmeti ya mtu nakichomoa. Ninavyo mfuko mzima.

Na kama ugonjwa umeshakupata, daktari akisema usipande mpaka jicho lifumbe, usipande. Eneo lako akipewa mwingine, mwache ale.

Limebaki jambo moja ambalo sikuambiwa, nikuambie wewe lisikushtue. Mishipa ya uso ikiota upya wakati mwingine hupotea njia. Mwishoni mwa kiangazi nilianza kuona kwamba nikitafuna, jicho la kushoto linatoa machozi. Hayana uchungu. Yanaanza na tonge la kwanza na kukoma na la mwisho. Jicho lile lililonyimwa maji wakati lilipokuwa linakufa, sasa linalowa kwa wali.

Ramadhani iliyofuata nilifunga. Siku ya kwanza, baada ya adhana ya magharibi, niliiegemeza simu kwenye jagi la maji na kamera ikiwa imewashwa. Huko Tanga jua lilikuwa halijazama, wao walikuwa bado wanangoja. Mama Nasra alikuwa hajasahau, alikuwa anaitazama sahani yangu kwanza kabla ya uso. Nikala tende, nikaanza wali.

"Mama," Nasra akasema, "baba analia."

"Silii, mwanangu. Ninakula."

Mama Nasra akasogeza uso karibu na kamera, akanitazama jicho, akatazama sahani, akanitazama jicho tena.

"Kweli," akamwambia mtoto. "Anakula. Mwache amalize."